Aproni ya Kipimo cha Leo

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nikiwa mtoto ambaye hamu yake yote ilikuwa kusukuma chapati. Tulikaa nyumba za kanjo, zile za baraza la jiji, hapa hapa Eastlands, Nairobi, na mama alikuwa ameniahidi kwamba nikipata aproni nitapika naye. Akanishonea kwa mkono, kwa kitenge cha buluu kilichobaki aliposhonewa gauni.

Lakini unawajua wazazi wa huku. Sweta ya shule hununuliwa ikifika magotini, viatu hujazwa karatasi mbele. Mama naye akashona aproni ya "atakua tu". Nilipoivaa ilifagia sakafu. Hatua ya pili nikaikanyaga, nikaivamia meza, unga wote chini.

"Toka jikoni!" mama akafoka. "Utapika ikikutosha."

Nililia, mwanangu, si kidogo. Kwa mtoto, kuambiwa angoje akue ni sawa na kuambiwa hapana.

Nyanya, mamake baba, alikuwa ametutembelea kutoka Bungoma. Hakuwa na maneno mengi, na hayo machache yalikuwa na pilipili. Aliniita kwa jina langu, Nekesa, akanisimamisha mbele yake, akachukua mkasi.

"Mama, utaharibu kitambaa!" mama akalalamika. "Mwaka ujao atavaa nini?"

"Mwaka ujao utamshonea ingine. Huyu anataka kupika leo, Mama Nekesa, na wewe unamshonea mtu ambaye hajafika bado."

Akakata. Mama alinuna, lakini ni yeye aliyeupinda ule ukingo upya, na jioni hiyo nilisimama kando yake nikisukuma. Chapati yangu ya kwanza ilikuwa na kona nne. Baba aliimaliza, akaomba nyingine. Sikumbuki kufurahi vile tena mpaka harusi yangu, na hata hiyo sina hakika.

Sasa nasikia unamshonea binti yako aproni. Mpime alivyo leo. Na si kitambaa peke yake: usimsemeshe wala usimpende kwa kipimo cha mtu mzima unayemtarajia. Akija na hamu, mpokee na kimo chake hicho, hata unga ukimwagika. Unga tutanunua mwingine, lakini mtoto aliyefukuzwa jikoni huenda asirudi kuomba.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na nyumba yako isikose kamwe watoto wanaogombania kukusaidia.