Wakubwa Wasiosubiri "Ila"

Siku yangu ya kwanza kazini niliungua mguu, na hadi leo nikilikumbuka birika lile nakasirika upya. Ilikuwa enzi za Mwingereza, mie binti mbichi wa Kinondoni, nimeajiriwa kuwa yaya katika hospitali moja kubwa mjini. Msidhani ni yaya wa kulea watoto. Yaya wa hospitali alifagia wodi, alifua mashuka, alimwaga vyombo vya wagonjwa, na kila asubuhi alichemsha sindano na mikasi kwenye birika kubwa la bati ili vijidudu vife. Kuchemsha ndiko nilikopewa mie, na birika lenyewe mkono wake ulikuwa umelegea, unacheza.

Mkubwa wetu alikuwa Sista Mkuu, Mzungu mrefu, viatu vyake unavisikia kabla hujamwona mwenyewe. Alipita akanikuta nimesimama jikoni. "Habari ya kazi?" akaniuliza. Sasa nyie mnazijua adabu zetu. Mtu akikuuliza habari, hata kama paa linaungua juu ya kichwa chako, unaanza na njema, ndipo unaleta maneno. Nikamjibu, "Njema, mama, ila hili birika..." Kuinua macho, viatu vinalia kule mwisho wa wodi. Nadhani kitabu alichojifunzia Kiswahili kiliishia kwenye "njema", kurasa zilizobaki zilichanika. Haukupita muda mkono ukang'oka, maji ya moto yakanimwagikia mguuni, na Sista Mkuu akarudi mbio. Mnajua aliniuliza nini? "Kwa nini hukusema?"

Jamani! Nimefanya kazi mpaka nywele zikabadilika rangi, nimehamishwa huku na huku, na swali hilo nimeulizwa na karibu kila mkubwa niliyekuwa chini yake. Nilisema! Nilisema, ila nyie mlikuwa mmeshaondoka.

Kutoka mjini nikapelekwa Temeke, kwenye kliniki ya wajawazito. Huko bosi alikuwa Mama Mkunga, mwanamke hodari wa mikono. Mtoto aliyekaa vibaya tumboni yeye alimgeuza kwa viganja tu, mama mwenyewe anapiga soga. Lakini masikio, hana. Ukianza kumweleza kwamba chumba cha kuzalishia kinavuja, anakukatiza: "Tatu, niletee mazuri. Mabaya ninayo ya kutosha nyumbani kwangu." Basi tukawa tunampelekea mazuri. Masika ilipoingia tukazalisha watu chini ya mwavuli, mie ndiye mshika mwavuli, naye akatugombeza wote kwa kumficha habari za paa. Nilicheka kwa hasira mpaka machozi yakanitoka.

Hapo nikaomba kurudi karibu na nyumbani, nikapangiwa zahanati ya Kinondoni. Kinondoni ya siku hizo ilikuwa minazi na mashamba ya muhogo, nyumba za udongo moja hapa moja kule. Zahanati ilikuwa vyumba viwili, benchi la wagonjwa nje, na dirisha dogo la kutolea dawa. Dawa nyingi zilikuwa za maji, mgonjwa anakuja na chupa yake kutoka nyumbani. Mie nilikuwa nimeshapanda kidogo: nasafisha vidonda, nafunga bandeji, nasaidia kupima wajawazito.

Mkubwa wa pale tulimwita Bwana Mganga. Alikuwa mtu wa bara, wa huko milimani, Mkristo safi, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Kazi aliijua. Hakuwa mvivu, hakuwa mlevi, na mgonjwa maskini alimhudumia sawasawa na tajiri. Ila sauti! Mtume! Nadhani kwao walizoea kuitana kutoka mlima mmoja hadi mwingine. Akizungumza nawe chumbani, muuza maji kule barabarani anaitikia.

Na sauti hiyo ndiyo aliyoitumia dirishani. Dawa ikishakuwa tayari, alitoa kichwa nje akaita jina la mgonjwa pamoja na ugonjwa wake, asije akampa mtu dawa isiyo yake. Kwake huo ulikuwa uangalifu. "Mzee Sefu wa kuhara damu!" "Hamisi wa kisonono, na chupa yako ni chafu!" Watu wazima na heshima zao wanatangazwa kama samaki mnadani.

Siku moja ikawa zamu ya Mwajuma. Mwajuma ni shoga yangu, tulichezwa unyago pamoja, na nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa msusi wa mikeka, mcheshi, mdomo anao. Siku hiyo alikuja na muwasho, ule wa kike, akanong'ona ndani kwa aibu zote. Kisha akaenda kukaa benchini kusubiri dawa, ubavuni pake ameketi mama mkwe wake aliyekuja na kikohozi. Dirisha likafunguka. "Mwajuma wa muwasho wa chini! Njoo uchukue dawa, na mwambie mumeo aje naye!"

Benchi zima likamgeukia. Mwajuma alijitanda khanga mpaka usoni, akainuka, akaondoka bila kuichukua ile dawa. Jioni nilipokwenda kumtazama alikula kiapo kwamba mguu wake hautakanyaga tena pale, hata afe. Na si yeye peke yake. Kidogo kidogo wanawake wa Kinondoni wakaacha kuja. Walirudi kwa mizizi na kwa makungwi, au walikaa na maradhi yao ndani. Bwana Mganga akawa anatazama benchi tupu na kutikisa kichwa: "Watu wa huku ujinga umewajaa."

Mie nilijaribu kumweleza, wallahi nilijaribu. Kila asubuhi aliniuliza, "Habari za kazi, Tatu?" Nami, "Njema, Bwana Mganga, ila..." Naye, "Vizuri sana!" na mgongo huo unakwenda. Nikajaribu wakati wa chai, akaniambia chai ni ya kupumzika. Nikajaribu wakati wa kufunga, akaniambia kama ni la kazi nimletee asubuhi. Asubuhi akaniuliza habari za kazi. Nilitamani kumpiga na kata ya maji.

Kisha Mwajuma akashika mimba. Zilizotangulia zote zilikuwa zimeharibika, kwa hiyo hii ya sasa, nyumba nzima ilikuwa inaiombea dua. Nilimsihi aje apimwe, akakataa katakata. Tumbo lilipokuwa kubwa nikamkuta siku moja amekaa ukumbini, uso umejaa, macho yamekuwa madogo, miguu kama ya mtu mwingine.

"Mwajuma, umevimba."

"Nimenenepa. Huoni ninavyolishwa?"

"Na kichwa?"

"Kinanigonga tangu jana. Na hivi nikikutazama naona vimulimuli." Akanishika mkono. "Usimwambie yule mnadi wako."

Niliwahi kuwaona wa hivyo Temeke. Huanza na kuvimba na kichwa, kisha mama anaanguka na kifafa cha mimba, na mara nyingi mnazika wawili. Niliondoka pale mbio hadi zahanati.

Bwana Mganga alikuwa anatoka kwenda kukagua visima, kofia mkononi. "Habari za kazi, Tatu?"

"Njema, ila..."

"Vizuri sana!"

Nikasimama mlangoni, mikono huku na huku. Hapiti mtu. "Sijamaliza, Bwana Mganga."

"Si umesema njema?"

"Njema ni salamu! Habari ndiyo hiyo inayokuja nyuma yake, nawe kila siku huisubiri. Wanawake hawaji hapa kwa sababu yako. Unawatangaza dirishani. Hiyo sauti yako imewafukuza."

Alinitolea macho. "Sauti yangu?" akanguruma. "Sauti yangu imefanya nini?"

Nje benchini kulikuwa na wazee wachache. Wakaangua kicheko, kikohozi na kicheko pamoja. Bwana Mganga akageuza shingo. "Wanacheka nini hao?"

"Wanakucheka wewe."

Uso wake ulibadilika, nikajua kazi sina. "Binti," akaniambia, "kesho usije hapa. Siwezi kufundishwa kazi na mtu niliyemfundisha mimi kufunga bandeji."

"Sawa, nisije. Lakini leo nenda kwa Mwajuma, nakuomba. Ana mimba kubwa, amevimba uso, kichwa kinamuuma tangu jana, na anaona vimulimuli."

Niwe mkweli kwa yule bwana. Hasira zilikuwa bado zimemjaa shingoni, lakini aliposikia vimulimuli aliitupa kofia. "Kipimo cha presha kiko wapi? Twende."

Tulikwenda mbio. Kufika, yeye akapiga hodi, na hodi yenyewe ikatikisa ukuta.

"Hakuna mtu!" Mwajuma akajibu kutoka ndani, nyuma ya pazia.

"Mama, mimi ni Bwana Mganga..."

"Nakujua! Nani asiyekujua? Umekuja kutangaza nini leo? Mkwe wangu yuko uani, nikuitie asikie vizuri?"

Bwana Mganga akaanza kujieleza: kazi ya dirishani ni uangalifu, dawa zikichanganywa watu hufa. Nikamfinya mkono. Ndiyo, nilimfinya mkubwa wangu, kwani kazi si nilikuwa nimeshafukuzwa? Akanyamaza. Na Mwajuma, kuona kimya, akampa vidonge vyake vyote kupitia lile pazia. Kwamba tangu siku ile mkwewe anamwita "wa dirishani". Kwamba mumewe aliulizwa kahawani na wanaume wenzake. Kwamba alikuwa mwanamke anayeinua kichwa akipita njiani, sasa anapita uchochoroni. Mie nilikuwa nahesabu moyoni, nikiogopa ataanguka kabla hajamaliza kututukana.

Aliponyamaza, Bwana Mganga hakuondoka. Nilidhani atasema neno lake sasa. Akauliza tu, "Kuna jingine, mama?"

"Lipo! Unatuita wajinga!"

"Ndiyo. Kuna jingine?"

"Kuna jingine," Mwajuma akasema, na sasa analia. "Naogopa. Hii nayo naogopa itatoka."

Bwana Mganga akachuchumaa pale mlangoni na suruali yake iliyonyooshwa, akazungumza kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. "Nisamehe, mama. Nilikuvunjia heshima. Naomba nikutazame hiyo miguu, mimi na Tatu tu, hapahapa ndani."

Pazia likafunguka. Alimbonyeza mguu kwa kidole gumba na shimo likabaki palepale. Alipopima presha ilikuwa imepanda mno, akaniangalia mie. Tulimpakia kwenye lori lililokuwa linapeleka mawe mjini, mawe yakashushwa njiani, Bwana Mganga amemshika kichwa njia nzima ili kisigonge. Hospitali kubwa ilimlaza chumba cha giza, mwanga usije ukamwamshia kifafa, wakamtuliza kwa dawa, akajifungua mtoto wa kike mdogo kama paka. Wote wawili wakapona.

Asubuhi iliyofuata safari ile ya lori nilikwenda zahanati kuchukua vitu vyangu. Bwana Mganga akanikuta nakunja aproni. "Unakwenda wapi? Birika halijachemshwa." Hiyo ndiyo radhi niliyoombwa mie. Kisha akasimama mbele yangu. "Habari za kazi, Tatu?"

"Njema."

Hakuondoka. Akasubiri. "Ila?"

Msidhani alikuwa malaika tangu siku ile. Ukimpa "ila" yake alikunja uso kwanza, akabisha, akatoka nje akanywa chai, ndipo anarudi na kusema, "Lile ulilosema, tulifanye." Dirishani akaacha kuita. Alikwenda mwenyewe hadi benchini, akamwinamia mgonjwa na kumwita kwa jina tu. Nasi akatuchosha! Mtu huna neno, yeye amekusimamia, "Ila?", "Hakuna, bwana!", "Hata ndogo?" mpaka chai inapoa. Lakini benchi lilijaa. Wanawake walianza kutoka Msasani na Magomeni kuja kwetu, na baadaye wakubwa wa serikali walimhamisha akawafundishe waganga wengine. Siku ya kuondoka aliniuliza mara ya mwisho, nami nikamwambia, "Ila sauti imeanza kupanda tena." Akakunja uso, akaenda kunywa chai.

Baada yake walikuja wakubwa wengine, na Mwingereza alipoondoka wakaja wa kwetu wenyewe. Nilifurahi, nikasema sasa hawa lugha tunaelewana, watajua kwamba njema ni salamu. Ebo! Wakatundika sanduku la maoni ukutani, likatiwa kufuli, ufunguo haujulikani uko kwa nani, buibui wakazaliana ndani. Wakaitisha mikutano ya wafanyakazi, bosi anazungumza peke yake mpaka watu wanasinzia, halafu anauliza, "Kuna mwenye neno?" huku ameshashika mkoba wake. Na mambo yakiharibika: "Kwa nini hamkusema?" Nyie vijana mnaopewa vyeo, mnanitia uchungu. Hamjanyimwa akili wala elimu. Mmeshindwa kusimama kidogo tu, mtu amalize sentensi.

Siku niliyostaafu walinifanyia sherehe palepale Kinondoni. Viti vya kukodi, soda, na mganga mkuu mpya, kijana mtanashati, akanisifu kwa hotuba ndefu. Mwishoni akanigeukia mbele ya watu wote: "Haya, Mama Tatu, habari za kazi miaka yote hii?"

Nikasimama. "Njema, mwanangu, ila..."

Makofi! Wakapiga makofi, vigelegele vikapaa, mtu ananivisha shada la maua, mpiga picha ananisukuma bega nitazame huku, na yule mkuu ameshaketi, anafungua soda.

Ndipo nikasikia kiti kinaanguka kule nyuma. Alikuwa Mwajuma, mzee mwenzangu, na binti yake kando anajaribu kumvuta khanga akae.

"Nyamazeni!" alipaza sauti ambayo Bwana Mganga mwenyewe angeigeukia. "Kasema ila! Mwacheni amalize!"