Ndoo ya Barazani

Kwa miaka kumi na tisa Bwana Ndoo alipima joto la ziwa kila asubuhi, na kama kuna mtu mwenye daftari safi kuliko lake, basi bado hajazaliwa. Alichota maji gatini kwa ndoo ya bati, akapanda nayo ngazi hadi barazani, kwenye jua, akafuta meza, akavaa miwani, akasoma joto la hewa kwenye kipimajoto cha ukutani, ndipo akatumbukiza kingine ndoani. Kuandika umesimama, alisema, ni kazi ya wavivu.

Kisha akaja mtaalamu, binti mpole, akasema madaftari hayo ndiyo yatakayoifundisha kompyuta kukadiria joto la ziwa kwa kuangalia joto la hewa tu. Mzee wa watu akavimba kichwa wiki nzima. Hesabu zilikubali vizuri mno: hewa ikipanda, maji nayo juu. Lakini binti alipofunga kipimo kipya ndani ya ziwa lenyewe, mambo yakaharibika. Ziwa halikuwa na haraka hiyo. Lilichelewa nyuma ya hewa kwa siku kadhaa.

"Hicho chako kibovu, mwanangu."

"Huenda, baba. Hebu nioneshe unavyopima."

Akamwonesha, kwa madaha yote. Gatini binti alikitumbukiza kwanza kipimajoto cha mzee ndoani: ishirini na mbili. Barazani, ishirini na nne.

"Lakini ni maji yaleyale!" Aliikodolea macho ndoo. Alichungulia chini yake, sijui akitafuta nini. Ilipomwingia kwamba miaka yote hiyo alikuwa akipima ndoo iliyoota jua, aliona aibu, akaketi.

"Hatutupi kitu," binti alisema upesi. "Tukijua ndoo hukaa muda gani, tutasahihisha madaftari yote. Kesho fanya kama siku zote, mimi nitashika saa. Usibadilishe chochote."

Kesho yake miguu ilimkimbiza ngazini bila kuulizwa.

"Polepole, baba. Kama kawaida yako."

Kawaida ipi? Alishika kitambaa, akakiweka. Akashika miwani, akaiweka pia. Meza ndiyo kwanza, au miwani? Na meza huifuta mara moja au mbili? Maelfu ya asubuhi, na hakuna hata moja iliyokuja kumsaidia.

"Mwanangu," aliuliza kwa sauti ndogo, "mimi huwa naanza na nini?"

Binti alisimama na saa mkononi, na maji ndoani yakazidi kupata joto.