Mwenye Jina la Cucu

Juzi nilimsindikiza mama yangu kliniki Thika. Ana baridi yabisi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka kushambulia viungo, na vidole vyake vimepinda. Nilimbeba pia binti yangu mdogo, na kabla hatujaketi nikaanza, "Daktari, mwangalie huyu, ameitwa jina la mama, cucu wake, yaani nyanya yake, wanafanana hadi kucha, sasa si na ugonjwa atachukua?"

Mama akacheka. "Kila asubuhi huyu binti yangu anamkunjakunja mtoto vidole kama anakamua ng'ombe."

"Ana ndugu?" daktari akauliza.

"Dada mkubwa, lakini huyo ameitwa jina la mama ya mume wangu. Huyo sina wasiwasi."

Daktari akaweka kalamu chini, akanigeukia. "Mama, damu haiangalii jina. Wote ni wajukuu wa huyu cucu. Na wengi wenye mgonjwa nyumbani hawaupati kamwe. Halafu aliye karibu naye zaidi kwa damu ni wewe. Vidole vyako asubuhi vikoje?"

Hapo nikavitazama. Kwangu Ruiru, chupa ya maziwa siku hizi naifungua kwa meno, nikilaumu kifuniko.

"Vinachelewa kuamka," nikasema.

Mama akaacha kucheka, akanishika mkono, akaanza kunikunja vidole, kimoja kimoja.