Aliyefundwa Asilie

Sipendi wagonjwa wanaonyamaza. Miaka yangu yote ya unesi hapa Handeni, anayepiga kelele ndiye ninayemwambia asubiri, na kwa hilo wananiita nesi mwenye roho mbaya. Sawa, waniite. Mtu anayeweza kupiga kelele bado ana pumzi.

Mchana ule waliletwa watatu kutoka Chanika. Dereva wa bodaboda alikuwa akijaziwa petroli kutoka kwenye dumu, kibandani, na ubavuni mwa kibanda mama mmoja alikuwa akikaanga maandazi kwenye jiko la mkaa. Kilichofuata kila mtu anakijua. Kila siku nilikuwa napita pale nikienda kazini, nawagombeza, nao wananijibu, "Mungu mkubwa, dada."

Bodaboda alifika mikono yake yote imebandikwa manyoya ya sungura. Kwetu mtu akiungua, majirani hawakimbilii maji, wanakimbilia manyoya ya sungura, na nyumba isiyo nayo itaazima kwa jirani. Niliyabandua kwa maji taratibu huku akinitukania ukoo mzima. Huyo nikajua atapona. Mwenye kibanda hakuwa na malengelenge mengi, lakini sauti ilishaanza kukwaruza na puani mlikuwa na masizi. Alikuwa amevuta moto, na koo lilikuwa linavimba.

Mama wa maandazi alilala kimya. Shangazi yake, mwanamke mtu mzima ambaye ndiye aliyemfunda alipokuwa mwali, alisimama kichwani pake amejaa fahari. Nilimwamkia, akaitikia haraka.

"Umeona, nesi? Hajatoa hata chozi. Huyu nilimfunda mimi mwenyewe. Mwanamke wa Kizigua halii kwa maumivu."

Nikakata nguo. Kuanzia shingoni hadi miguuni ngozi ilikuwa nyeupe na ngumu, kama ngozi ya ng'ombe iliyowambwa juani. Nilimgusa mkono kwa ncha ya sindano, akaendelea kunitazama tu.

"Nina kiu," akasema. "Lakini mhudumieni kwanza huyo anayepiga kelele. Anateseka, maskini."

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilimwekea dripu, nikamlowesha midomo. Nilikuwa na hasira na lile dumu, na jiko, na mimi mwenyewe niliyezoea kugombeza na kupita.

Gari la wagonjwa lilikuwa moja na mtungi wa oksijeni mmoja. Tabibu wa zamu alinitazama, nami nikamtazama. Tukampakia mwenye kibanda, maana akiwahi Korogwe angewekewa bomba la hewa kooni na angeishi. Yule mama hakuna barabara ambayo ingemfaa. Nauchukia uamuzi ule mpaka leo, na nikiambiwa nichague tena nitachagua vilevile.

Shangazi alinifuata mlangoni.

"Mbona mwanangu anaachwa? Kwa sababu hapigi kelele? Ndivyo mnavyotudharau?"

Nilimshika mkono, nikamkalisha kwenye benchi. "Shangazi, aliyeungua juu juu ndiye anayelia. Moto wa mwanao umekula mpaka mishipa inayosikia maumivu. Havumilii, shangazi. Hasikii."

"Atapona?"

Wenzangu hapo husema tumwombe Mungu. Hata mimi namwomba, lakini mtu akiniuliza swali la wazi nashindwa kumzungusha.

"Hapana."

Aliinuka. Akajifunga kanga yake vizuri kana kwamba anaingia kwa watu, kisha akarudi kitandani na kupiga magoti.

"Lia, mwanangu," akamnong'oneza. "Nimekuruhusu. Hakuna atakayekucheka."

"Siumwi, shangazi."

"Lia tu. Nakuomba."

Akajaribu. Nilimwona akikunja uso, akitaka kumridhisha mkubwa wake kama alivyofundwa, na chozi halikuja. Aliyelia ni shangazi. Alilia kwa sauti, kichwa juu ya shuka. Hata bodaboda alinyamaza.

Gari liliporudi kutoka Korogwe, nilikuwa nimeshatandika kile kitanda upya.