Injini Mbili za Kasha Moja

Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023. Alfajiri ilinyesha mvua ya kama nusu saa, halafu mawingu yakakaa tu juu ya ziwa bila kuamua. Kufika saa nne jua lilikuwa limetoka, na vumbi la Kamunyonge limegeuka tope jepesi la kung'ang'ania viatu.

Saa hiyo kirikuu cha Leonardi, kigari kidogo kinachobeba ndizi na abiria wawili watatu kutoka upande wa Butiama, kilisimama mbele ya karakana ya Florian Wanzagi hapa Musoma. Kikashusha baiskeli mbili za injini, kisha wenyewe: Eufrasia, mama wa miaka arobaini na kitu, na Paschal, mdogo wa mumewe. Baiskeli zilikuwa za rangi moja. Injini zilikuwa za aina moja, zimetoka katika kasha moja, zimefungwa na fundi mmoja siku moja, mwezi wa nane. Ya Paschal ilipanda kilima. Ya Eufrasia haikupanda.

Kilima chenyewe kipo kilomita moja kabla ya kituo cha kukusanyia maziwa. Kila asubuhi Eufrasia na Paschal hupita nyumba saba kila mmoja, hujaza keni mbili za lita ishirini na kuzifikisha kituoni kabla ya saa mbili na nusu, gari la maziwa linapoondoka. Kanuni za kikundi chao zinasema mchukuzi akichelewa mara tatu ndani ya mwezi, njia yake anapewa mwingine. Eufrasia alikuwa amechelewa mara mbili, na mwezi ulikuwa haujafika nusu. Huyo mwingine alikuwa anajulikana: Prosper, mwenye pikipiki, ambaye siku hizo alikuwa akizisalimia zile nyumba saba kwa uchangamfu usio wa kawaida.

Florian aliyajua hayo yote, kwa sababu hii ilikuwa mara ya tatu kuletewa baiskeli ile. Ana miaka hamsini na miwili. Alizaliwa Kigera, akasoma hadi kidato cha nne, akaenda Bunda kufanya kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba. Kazi yake ilikuwa kuandika kila saa joto la mashine na kiasi cha oili. Kiwanda kilipopunguza watu alirudi Musoma na tabia ile ile. Kila injini anayofunga huiandika katika daftari: tarehe, jina la mwenyewe, namba iliyogongwa kwenye chuma. Siku hiyo daftari lilikuwa na injini thelathini na moja.

Mara ya kwanza alibadilisha plagi ya Eufrasia. Mara ya pili alisafisha kabureta na kumwelekeza upya namna ya kuchanganya petroli na oili. Mara zote mbili injini iliunguruma vizuri pale karakanani, ikafika Butiama, ikakata pumzi mlimani. Eufrasia akawa anashuka na kusukuma, keni zikimvuta nyuma.

Paschal alikuwa na maelezo yake, na njia nzima kutoka Butiama alikuwa ameyatoa kwa Leonardi. Sasa akayatoa kwa fundi.

"Fundi, usitafute mbali. Pima abiria kwanza. Huyu shemeji anakulaga ugali wa watu wawili."

"Ninakulaga wa kwako na wangu," Eufrasia alimjibu, "maana wewe ukishiba hata upepo unakubeba."

Florian hakucheka, lakini aliliandika. Uzito lilikuwa swali la haki. Akajaza maji madumu manne ya lita ishirini, akafunga mawili kila baiskeli, akawapeleka kwenye mwinuko ulio nyuma ya karakana, njia ya mawe yenye urefu wa mita kama mia mbili. Akashika simu kuhesabu sekunde. Paschal kwa baiskeli yake alipanda kwa sekunde thelathini na nane. Eufrasia kwa yake alifika katikati, injini ikazima. Kisha akawabadilisha. Eufrasia, ugali na vyote, alipanda kwa baiskeli ya Paschal kwa sekunde arobaini na moja. Paschal aliipanda ya Eufrasia akazimikia karibu na jiwe lile lile.

Alishuka akisukuma. Eufrasia alimngoja chini akiwa ameshika kiuno.

"Shemeji, leo umekula kwa nani?"

Baada ya hapo Florian alianza kazi aliyoipenda, ya kuhamisha kitu kimoja kimoja. Alitoa kabureta ya Paschal akaiweka kwa Eufrasia, na ya Eufrasia kwa Paschal. Kama ugonjwa ungekuwa kwenye kabureta, ungehama nayo. Haukuhama. Akahamisha plagi, na koili ya kutoa moto. Haukuhama. Akahamisha ekzosi nzima, yaani bomba la moshi, akaacha gasketi mbili, zile karatasi za kuziba maungio, mahali pake, kwa kuwa zilikuwa zimeganda kwenye silinda, na kwa kuwa alizikata yeye mwenyewe. Haukuhama. Alizungusha magurudumu kwa mkono kuona kama breki zinayakwaza. Hazikuyakwaza. Hadi saa nane alikuwa amejaza kurasa mbili, na Eufrasia, ambaye asubuhi alikuwa na matumaini, alikuwa amekaa kwenye kigoda akitazama barabara.

Florian alimwambia kile alichokwisha kuwaambia watu kadhaa kabla yake, kwamba injini ni kama watoto wa tumbo moja, hawalingani nguvu. Eufrasia alimsikiliza kwa heshima. Kisha akasema kwamba kesho lazima akusanye maziwa, iwe kwa injini au kwa miguu, na kwamba akichelewa itakuwa ya tatu.

Ghati, mke wa Florian, ni fundi cherehani. Cherehani yake iko upande wa pili wa ukuta wa mabati, kwa hiyo alikuwa ameyasikia yote. Alileta ugali na samaki furu wa kukaanga, akanawisha watu mikono, akasimama akitazama vyuma vilivyopangwa juu ya gunia.

"Baba Ephraim," alimwambia mumewe, "umebadilisha vya kiwandani vyote. Vya kwako je?"

Florian akamuuliza vipi vya kwake.

"Hizo karatasi unazokataga kwa kile kibati."

Hapa inafaa nieleze kibati. Injini hizi huja na gasketi za karatasi nyepesi, na ile inayokaa kati ya silinda na ekzosi huungua ndani ya mwezi. Mafundi wengi hapa Mara hutengeneza nyingine kwa namna moja: huweka karatasi ngumu ya gasketi juu ya mdomo wa silinda, kisha hugonga kwa nyundo ndogo taratibu kuzunguka kingo hadi chuma chenyewe kiikate. Florian aliiona hiyo ni kazi ya haraka haraka, maana huacha nyuzinyuzi. Mwaka 2019 alichukua injini ya kwanza aliyoifunga, akapima mdomo wake kwa rula na kukata mfano kutoka kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Akaulainisha kwa tupa. Tangu hapo kila gasketi aliichora kwa mfano huo na kuikata kwa mkasi. Zilitoka nzuri, na wateja walizisifu.

Alimjibu mkewe kwamba kibati hakiwezi kukosea, kwa kuwa injini zote ni za aina moja.

"Wale mapacha, Kulwa na Doto, ni wa mimba moja," Ghati alisema. "Nikiwashonea sare nawapimaga kila mmoja. Bega la Doto liko chini. Ukiwatazama huwezi kujua."

Akarudi kwenye cherehani yake.

Florian alikula nusu ya samaki, akanawa. Alifungua ekzosi ya Eufrasia, akachokonoa gasketi kwa wembe hadi ikatoka nzima, akaipeleka mwangani. Kisha akainama kutazama mdomo wa silinda. Matundu ya bolti yalikaa sawasawa na ya kibati. Lakini tundu lenyewe la kutolea moshi halikuwa katikati ya bolti. Lilikuwa limeshuka. Alipima mara tatu kwa rula: milimita nne. Kwenye gasketi aliyoitoa, sehemu ya chini, kulikuwa na mwezi mwembamba mweusi wa masizi, pale karatasi ilipokuwa imeziba njia ya moshi. Alifungua na ya Paschal. Tundu lake lilikuwa katikati, na gasketi haikuwa na mwezi.

Chuma cha silinda humiminwa kikiwa moto ndani ya umbo, na matundu ya bolti hutobolewa baadaye kwa mashine. Umbo likisogea kidogo kabla chuma hakijaganda, tundu la moshi husogea, na kwa nje huoni kitu. Injini isiyoweza kutoa moshi wote haiwezi kuvuta hewa mpya ya kutosha. Kwenye barabara tambarare inajikaza. Kwenye mlima inakabwa. Ile nyundo ya mafundi wengine, aliyoidharau, ingeikata karatasi kufuata tundu popote lilipo.

Florian alimwita Eufrasia aje aone, akamwekea kidole pale.

"Mama, hili si la kiwandani. Hili ni langu."

Eufrasia aliutazama ule mwezi wa masizi. "Miezi mitatu nilikuwaga nasukuma kwa ajili ya hako kakaratasi?"

"Ndiyo."

"Na oili ulisema nachanganya vibaya."

"Nilikosea kusema."

Paschal akadakia, akisema naye aombe msamaha kabisa kwa ule ugali. Eufrasia akamwambia wa kwake utasubiri hadi Krismasi, na hapo hata Florian alitabasamu. Lakini mama huyo hakusema kwamba yamekwisha. Alisema ataamini kilima.

Florian aliazima nyundo ndogo kwa jirani, akaweka karatasi mpya juu ya mdomo wa silinda, akagonga. Ilitoka na nyuzinyuzi. Akaifunga hivyo hivyo. Kwenye mwinuko ule ule, na madumu yale yale, Eufrasia alipanda kwa sekunde arobaini na nne bila kuzima. Bado hakumfikia Paschal, na Florian aliiandika tofauti hiyo pia, sekunde zile chache ambazo si za kibati na ambazo hakuwa na dawa yake.

Jioni Leonardi alipogeuza kirikuu, Florian alipanda nao na mfuko wa spana. Hakuombwa. Kwa Eufrasia walimkuta mumewe akifunga ndama. Alipoelezwa kosa la fundi alilipokea kwa kucheka, akasema hata dawa ya ng'ombe huanza kwa kukosea. Walikula, wakasali, Florian akalala chumba cha wageni. Kabla ya kulala alifungua daftari na kupitia majina thelathini na moja, akiweka alama kwa kila mtu aliyewahi kurudi na lalamiko. Walikuwa sita. Mmoja, Florian alimwambia apunguze mzigo. Mwingine alimwambia kwamba petroli anayonunua ni ya chupa, si ya kituoni. Wa juu kabisa alikuwa Jofrey wa Manyamanyama, pale Bunda, muuza mikate, aliyerudia kukanyaga pedali tangu mwaka jana.

Asubuhi ya Jumatano, saa moja na nusu, Florian alikuwa amesimama kando ya mlango wa kituo cha maziwa, pale ambapo mtu huona kilima chote. Prosper naye alikuwepo, amekaa juu ya pikipiki yake. Saa mbili kasoro dakika nane mlio wa injini ulisikika chini, ukawa mzito mlimani, ukaendelea kuwa mzito bila kukatika. Eufrasia alitokea juu, mgongo umenyooka, miguu imetulia kwenye pedali. Paschal alikuwa ametangulia kufika na alikuwa anasimulia mambo mengine kabisa. Lucy, mpokeaji, alipima maziwa, akaona yako sawa, akaandika saa. Prosper aliwasha pikipiki akaenda zake.

Eufrasia alimmiminia Florian kikombe kutoka keni ya pili. "Kunywa, fundi," alisema. "Sasa naweza kukwambia asante."

Alikunywa akiwa amesimama. Kisha akashika usafiri wa kwenda Bunda, akashuka Manyamanyama, akaulizia nyumba ya muuza mikate. Jofrey alitoka na unga mikononi, akaanza kumkaribisha ndani. Florian aliitikia salamu zote, akamwomba kwanza amwonyeshe ile injini aliyoivua ilipo, na kama ana nyundo ndogo.