Nilivyoisaga Bastola ya Baba Mkwe

Aibu hii ningeificha mpaka kaburini, lakini kwa kuwa mke wangu huwasimulia wageni na kila mara anaongeza chumvi, bora muisikie kwangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, tunakaa Ruwi, kule kwa Waarabu, na klabu yetu ya shabaha ilibakiza nafasi moja tu kwenye timu. Baba mkwe (mzee wa Kizanzibari, bastola yake hata wanawe wa kuwazaa hajawahi kuwaazima) akaniita pembeni akanikabidhi: "Nnakupa wewe, mwanangu. Usinitie aibu mbele ya wenzangu." Nikavimba kichwa! Nikawa kila jioni najizoeza chumbani, bila risasi, kuichomoa kiunoni juu ya dishdasha, kanzu ya huko, na kila nikichomoa, kile kijipembe cha mbele cha kulengea kinanasa kwenye kitambaa. Mwenye akili angevaa suruali. Mimi nikachukua tupa, nikakisaga mpaka kikabaki kama punje ya mchele, kisha (maana sasa hata hakionekani) nikakipaka rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu ya harusi, ili jicho likidake upesi, kwani shabaha yenyewe ni ya karibu, hatua kumi tu.

Alhamisi ya mchujo ikafika, kiwanjani njia ya Yiti, wazee wamejipanga vitini, baba mkwe katikati anamwambia kila mtu, "Yule mkwe wangu," na mwamuzi akatangaza kwamba bastola zote zinaanzia mezani, hakuna kuchomoa kiunoni. Jamani! Nimesaga bure! Nikainyanyua, nikalenga ile karatasi ndogo kama kisahani, nikapiga tano upesi upesi, vumbi likaruka kwenye tuta, juu ya karatasi. (Ukikifupisha kijipembe, risasi hupanda, hilo nilikuja kuambiwa baadaye, tena na kila mtu.) Karatasi haina hata tundu moja. Hatua kumi! Mwamuzi akaichukua bastola, akaikwangua kwa ukucha.

"Hii si rangi ya kucha?"

"Ya mke wangu," nikajibu, mpumbavu mimi, kana kwamba nimeulizwa ya nani, na kiwanja kizima kikaangua kicheko.

Baba mkwe hakucheka. Alikuja, akakipapasa kile kijipembe kwa kidole gumba, akaifunga bastola yake kwenye leso. "Kama haikukufaa, mwanangu, ungeniambia tu."

Heri angenitukana! Nafasi akapewa mwingine, na mzee hakuniazima tena kitu, hata mwavuli. Mimi na tupa basi: siku hizi meza ikiyumba nakunja gazeti, nalichomeka chini ya mguu.