Kizingiti cha Fundi Viatu

Mume wangu ni fundi viatu, na mimi ndiye mwenye mdomo; kila nyumba ina mgawanyo wake wa kazi. Duka letu liko barabara kuu ya mji, chumba kimoja cha mawe alichorithi kwa baba yake. Halmashauri ilitaka kulibomoa ili barabara ipendeze. Chuo kikuu kikaomba kwanza wanafunzi wake wa usanifu majengo wachunguze jengo lipi la kale linafaa kubaki, kisha kamati ipite iamue.

Binti mmoja mwenye miwani akapewa duka letu. Wiki mbili nzima alipima kila kitu, hata misumari ya kutundikia viatu. "Mwanangu," nikamwambia, "ukimaliza utanipima na mimi?" Akacheka, akaendelea kupima kizingiti. Hicho kizingiti kilikuwa aibu yangu: jiwe lililobonyea upande wa kushoto kama bakuli, mvua ikinyesha maji yanatuama. Miaka ishirini na sita nilimsumbua mume wangu alizibe.

Asubuhi ya kamati akaniridhisha. Aliamka mapema, akakoroga saruji, akalisawazisha jiwe, tukasimama pale tunatabasamu kama maharusi.

Binti alipofika akashika kichwa. "Mama, nani ameziba?"

"Mimi ndiye niliyemtuma," nikasema kwa maringo.

Macho yakamjaa machozi. Akafungua mchoro wake. Lile shimo lilikuwa limechorwa peke yake, kubwa, na vipimo vya kina chake pembeni. "Hili ndilo lingetuokoa, mama. Jiwe limeliwa na miguu ya watu. Ila sijajua kwa nini upande mmoja tu."

Nikamvuta mume wangu mkono, aje aone. Akauinamia mchoro.

"Mteja akivua kiatu," akasema polepole, "anasimama mguu mmoja. Anashika mwimo wa mlango."

Tukautazama mwimo wa kushoto. Kwenye kimo cha bega mbao ilikuwa laini, inang'aa, na kwingine kote ina makovu. Marehemu baba mkwe alikuwa akisema duka hili limekuwa la viatu tangu enzi za babu yake. Tulidhani ni maneno ya uzee. Ni watu wangapi wale, na mimi nilikuwa nadeki tu!

Majuto ni mjukuu, lakini siku ile hatukuwa na muda wa kumsubiri. Saruji ilikuwa bado mbichi. Tukapiga magoti wote watatu, tukaikwangua kwa vijiko na brashi za viatu, binti akilinganisha kina na mchoro.

Kamati ikafika jiwe likiwa bado limelowa. Mwenyekiti, bwana mnene wa suti, alisikiliza maelezo akiguna tu. Kisha akasema, "Fundi, na mimi hebu nitazamie kisigino hiki, kinanisumbua."

Akainua mguu wa kulia avue kiatu. Wa kushoto ukatua ndani ya lile shimo, na mkono, bila yeye kuutazama, ukaenda mwimoni, pale pale panapong'aa.

Akabaki hivyo, kiatu mkononi, akiutazama mkono wake mwenyewe.

"Andikeni," akasema hatimaye, mguu bado uko juu. "Hapa hapabomolewi."

Siku hizi mvua ikinyesha, maji yanatuama kama kawaida. Nayakausha kwa kitambaa, taratibu, na simsumbui mtu.